Dokta wa sindano au dokta wa makaratasi

Siku nilipomwambia mama mdogo kwamba naomba chuo cha kusoma udaktari na PhD kwa mpigo mmoja, miaka kama minane hivi, alikuwa anachambua mchele na wala hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Sa we unataka kuwa dokta wa sindano au dokta wa makaratasi?" Nikamwambia vyote viwili mama. Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakirusha nje, akasema mtu anayeuza viatu na dagaa meza moja yeye huwa hanunui kwake kitu chochote. Nikacheka nikaenda zangu. Sikujua kwamba hilo ndo litakuwa swali la kwanza la intavyu zote, maprofesa watalizungusha kwa kizungu kirefu weee lakini ukilimenya ndani ni viatu na dagaa tu.

Kiswahili chetu nacho kinatuponza hapa maana neno dokta ni moja linabeba mizigo miwili, anayekuandikia dawa ni dokta na aliyeandika kitabu kinene kuhusu ngeli za nomino naye ni dokta, ndo maana mtu akizimia msibani watu wanapiga kelele "hakuna dokta hapa?" anasimama mzee mmoja wa watu, kumbe ni wa isimu. Sasa hiyo programu niliyoomba iko Marekani na inakufanya uwe wote wawili. Kwa kawaida unasoma miaka miwili ya udaktari darasani, alafu unaiacha wodi unaingia maabara kufanya PhD yako miaka mitatu mpaka mitano, ukimaliza unarudi kwa wagonjwa kumalizia miaka miwili ya mwisho, wenzako ulioanza nao saa hiyo washakuwa madaktari zamani na wana watoto. Serikali yao kupitia NIH, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya, ilianza kulipia huu mpango mwaka 1964 kwa vyuo vitatu, Albert Einstein, Northwestern na New York University, leo viko 50 na kitu. Huku kwetu ukitoka form six na PCB yako, yaani fizikia, kemia na baiolojia, unapiga MD ya udaktari miaka mitano, intern mwaka mmoja, alafu MMed ya ubingwa, PhD inakuja baadaye ukiwa na mvi na mkopo wa kiwanja.

Utamu ni kwamba ada wanakulipia na hela ya kula wanakupa. Uchungu ni kwamba ile hela ya NIH ni ya raia wao na wenye ukaazi wa kudumu, sisi wengine mpaka chuo kiwe na mfuko wake wa pembeni, na vyuo vingi vya udaktari kule mgeni hata fomu yake hawaisomi. Mi nilikuwa na afadhali kidogo kwa sababu digrii ya kwanza nilisoma hukohuko kwa ufadhili na mtihani wao wa kuingilia udaktari, MCAT, niliufanya kabla sijarudi Moshi, kwa hiyo naomba mnaoniandikia mkiniuliza "dada na mimi niombe?" muelewe kwamba njia yangu haikuanzia hapa Rau moja kwa moja.

Maombi yenyewe sitayaongelea sana maana nikikumbuka nasikia kichefuchefu. Insha tatu, moja ya herufi 5,300 ya kwa nini udaktari, moja 3,000 ya kwa nini vyote viwili, alafu moja 10,000 ya utafiti wote uliowahi kufanya, na nafasi kati ya maneno nayo wanaihesabu. Nikatuma vyuo kumi na nne. Vilivyoniita kwenye intavyu ni viwili.

Sa kwa nini nilitaka hii kitu. Baba mdogo wangu ana ng'ombe wawili kule Kibosho, wale wa kufungia ndani kihambani, na mwaka mmoja alimzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu kama alivyofanya maisha yake yote. Wiki kadhaa mbele akaanza homa. Akapewa dawa ya malaria. Homa ikarudi, akapewa tena malaria na taifodi juu, unajua ile pea yetu ya kitaifa, malaria na taifodi, mtu akiumwa kichwa anaandikiwa zote mbili kama chai na mandazi. Mara ya tatu malaria tena. Alikonda, usiku jasho linalowesha godoro, mgongo unauma hawezi kuinama kukata majani. Kuja kupimwa mahali pengine ni brusela, alikuwa amebeba kutoka kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilidhani ni bahati mbaya ya familia yetu. Baadaye nikakutana na utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, ukatoka 2013. Walichukua watu 870 waliolazwa na homa, watoto kwa wakubwa. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli baada ya vipimo vyote walikuwa 14. Nilisoma hiyo namba mara tatu nikijua nimekosea mstari. Na kundi kubwa kati ya waliobaki walikuwa na magonjwa ya kutoka kwa wanyama, brusela, homa ya Q, leptospira. Hiyo leptospira ndo homa ya mgunda, ile iliyoleta taharuki Ruangwa kule Lindi mwaka 2022, watu wakadhani ni ugonjwa mpya kumbe upo siku zote unajificha nyuma ya jina la malaria.

Basi niliporudi nikapata kazi kwenye mradi wa homa kama hizo. Usipate picha ya koti jeupe. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatafuta watu. Ili uwe na uhakika kwamba mtu alikuwa na mgunda unahitaji damu mbili, ya siku anayolazwa na ya wiki nne mpaka sita baadaye, unalinganisha kingamwili, zikiwa zimepanda mara nne ndo unasema naam huyu alikuwa nayo. Damu ya kwanza ni rahisi, mgonjwa amelala hapo. Ya pili mtu ashapona, yuko shambani Chekereni anapanda mpunga maji ya magoti, simu haipatikani, na ukimpata anakuuliza mnataka damu tena ya nini, mnaiuza? Kwa hiyo mi na kulboksi yangu nyuma ya bodaboda, Mabogini, Chekereni, vumbi mpaka kwenye meno.

Siku nikiwa maabara nilikuwa napenda kuwaangalia wale wadudu kwenye hadubini, chumba giza, wanang'aa kama nyuzi za fedha, ncha zimepinda kama ndoano wanajizungusha. Mmoja wao kwa Kilatini anaitwa interrogans kwa sababu umbo lake ni kama alama ya kuuliza. Nililiona hilo jina kama mkosi baadaye.

Intavyu ya kwanza ilikuwa Novemba. Koti nilinunua soko la mitumba la Memorial, kwenye meza ya jirani yake mama mdogo, maana yeye anauza magauni ya watoto, kwa elfu nane baada ya kubembelezana, rangi ya bluu iliyokolea, kifungo kimoja sio cha ukoo wake. Juu koti na shati, chini kanga na ndala. Wamesema saa 3 asubuhi kwao, nikapiga hesabu nikakaa mbele ya laptopu saa 10 jioni, hakuna mtu. Robo saa hakuna mtu. Kumbe wenzetu walikuwa wamerudisha saa zao nyuma Jumapili iliyopita, wana huo mchezo, kwa hiyo tofauti ilikuwa imetoka masaa saba imekuwa nane. Nimekaa na koti lisaa limoja kwenye joto, naogopa kulivua nisije nikatokea na singlendi.

Watu sita, nusu saa kila mmoja, na mapumziko katikati. Wawili wa kwanza walikuwa wapole. Saa 2 usiku nikiwa na wa tatu umeme ukazima puu. Sikuweza hata kumlaumu mtu, yuniti ziliisha, mi mwenyewe ndo niliambiwa ninunue tangu asubuhi. Nikarukia intaneti ya simu, nikamwomba profesa dakika tano, nikatoka nje na ndala na kanga na koti la Memorial, tochi ya kitochi mdomoni, naingiza tarakimu ishirini kwenye mita ukutani, nikakosea ya kumi na saba nikaanza upya, mbwa wa jirani ananibwekea kama mwizi. Taa zikawaka. Nikarudi nahema. Profesa akasema kwa utani kwamba hiyo ilikuwa intavyu ya kweli, na kusema ukweli hakuninyima alama kwa hilo.

Aliyenimaliza ni wa tano. Mzee fulani mtaratibu, miwani puani. Akaniambia nieleze utafiti. Nikaeleza vizuri bana, nilikuwa nimejiandaa, tulikusanya hivi, tukapima vile, tukagundua wengi wanapotea, tukabadilisha utaratibu. Akasikiliza mpaka mwisho alafu akauliza, "Hao 'sisi' ni akina nani?" Nikasema timu. Akasema sawa, na wewe je, wewe ulifanya nini? Na mi, jamani, kwa mshangao wangu mwenyewe nikajibu, "Tulisaidiana." Akatabasamu akaandika kitu. Yale maandishi yake mafupi nilijua yamesema nini.

Baada ya wiki chache emaili ikaja. Asante kwa muda wako, waombaji walikuwa wazuri sana na kadhalika na kadhalika.

Nililia kidogo, alafu nikakasirika, alafu nikaanza kuwaza. Yaani we fikiria tulivyolelewa. Mtoto akija anasema nimekuwa wa kwanza darasani anaambiwa sema Mungu amesaidia. Mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda akasema nili, nili, nili, watu wanaguna, yule naye ana majivuno. Ukijenga nyumba peke yako kwa jasho lako utasema "tumejaribu kuweka kakibanda". Hiyo "tu" sio uongo, ni adabu, ni nguo ya kutokea. Na kuna ukweli ndani yake pia, mi sikuwahi kuchukua damu hata moja bila nesi aliyeanza na yule mgonjwa, dereva, jamaa wa boda, na mgonjwa mwenyewe aliyekunja mkono wa shati. Sasa mtu anakukalisha anataka uvue hiyo nguo mbele yake kwa nusu saa.

Nikamweleza mama mdogo nikijua atakuwa upande wangu. Nikamalizia na methali kabisa, si wahenga wamesema chema chajiuza kibaya chajitembeza. Akaniangalia kwa huruma. "Hao wahenga wamewahi kuuza mitumba? Gauni zuri likiwa chini ya lundo litaliwa na panya. Mi asubuhi naamka nalipiga pasi, nalitundika juu, nasema hili ni zuri, nimelichagua mimi, pamba tupu shika uone. Sijadanganya. Ni pamba kweli."

Akaleta kopo la kahawa tupu akalitoboa juu na kisu. Kila nikisema "tuli" kwenye mazoezi, mia tano. Sio utani, alikuwa anakaa kwenye kochi na miwani yake ya kushonea, anashika karatasi yangu ya maswali ambayo nilikuwa nimeyatafsiri, anauliza kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Siku ya kwanza nililipa elfu nne. Na alikuwa mkali kuliko wale wazungu, kwa sababu wao hawajui Chekereni, yeye anajua. Nikisema niliboresha ufuatiliaji wa wagonjwa anasema, "Uliboresha nini? Ulifanya nini kwa mikono?"

Hapo ndo ikatoka ile habari ya ramani. Watu walikuwa hawapatikani kwa sababu kwenye fomu tunaandika namba ya simu na jina la kijiji basi, na namba watu wanabadilisha kila wakipata laini ya bure. Siku moja jamaa wa boda akaniambia dada we unaandika namba, namba inahama, andika mti. Mti hauhami. Nikaanza siku mgonjwa akilazwa namwomba yeye au ndugu yake anichoree njia ya kwake kwa mkono wake kwenye karatasi, daraja, mkuyu, kanisa, mashine ya kusaga, nyumba yenye bati jekundu. Nikaitengenezea ukurasa wake kwenye fomu, nikawafundisha wenzangu, nikahesabu waliokuwa wanapatikana kabla na baada, na waliopatikana wakaongezeka sana. Miezi yote hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti "utaratibu uliboreshwa", haina mwenyewe, kama imejiboresha.

Mama mdogo akauliza nani alichora ile fomu. Nikasema mimi. Nani alihesabu? Mimi. Na mti? Wa jamaa wa boda. "Basi si useme hivyohivyo. Mti wa boda, fomu yangu, hesabu yangu. Umemwibia nani hapo?"

Na ni katika hayo mazoezi nikapata jibu la dagaa. Nilikuwa namweleza ile shida ya damu mbili, kwamba jibu la uhakika linatoka baada ya wiki sita, wakati huo mgonjwa ashapona au ashazikwa. Dokta wa wodini anabahatisha kwa sababu jibu hana, na wa maabara jibu analo lakini limechelewa, na hawa wawili hata hawaketi meza moja. Ninachotaka ni kutengeneza kipimo cha siku hiyohiyo, na huwezi kukitengeneza vizuri kama hujawahi kusimama kitandani kwa mtu mwenye homa saa nane usiku ukaona unachohitaji ni nini. Akanyamaza, akasema, "Aa. Sa hiyo sio viatu na dagaa. Hiyo ni viatu na kiwi."

Intavyu ya pili ikawa Januari. Yuniti nilinunua mapema, za elfu ishirini kabisa, masaa nimeyahakiki mara nne. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya vituo, dakika mbili unasoma kisa dakika nane unaongea na mtu, mtindo ulioanzia chuo cha McMaster Kanada, nilipewa kisa cha rafiki aliyebadilisha data ili ripoti iwahi. Nilijikwaa kidogo hapo, nikaongea sana kuhusu kumsikiliza na kidogo sana kuhusu data yenyewe. Imeshapita.

Wa maabara walikuwa watatu. Wa kwanza aliuliza viatu na dagaa, nikamwambia kabisa hivyo, kwamba kwetu kuna mama muuza mitumba aliniuliza hivi na nikamjibu hivi, akacheka mpaka akavua miwani. Wa pili alitaka kujua kwa nini kipimo chetu kinategemea wadudu walio hai, na nani anawalisha, nikamweleza. Akaenda ndani zaidi, akauliza kwa nini damu ya mgonjwa mmoja inaweza kushikana na aina nyingi za leptospira mwanzoni alafu baadaye ikachagua moja. Sikuwa na jibu zuri. Nikasema sijui, ila nikikisia nitaanzia hapa, nikachora kwenye karatasi nikainua mbele ya kamera. Alionekana kuipenda ile sijui kuliko majibu yangu mengine yote, watu hawa bana.

Wa tatu, mama mmoja ana nywele nyeupe, akauliza lililokuwa limeniua Novemba. Hii timu yenu, wewe ulifanya nini? Nikasikia kabisa "tu" inapanda kooni. Nikaimeza. Nikamwambia wazo la mti lilikuwa la dereva wa pikipiki, fomu niliichora mimi, hesabu nilizipiga mimi, na kosa la kutohesabu watoto tofauti na wakubwa nalo nilifanya mimi, ningeanza upya ningetenganisha. Akaniuliza habari za dereva wa pikipiki kwa dakika tano nzima. Yuko wapi, analipwaje, jina lake litawekwa kwenye kazi yenu? Nikabaki mdomo wazi, hilo hata mama mdogo hakuniuliza. Nikasema silijui jibu lakini nitaliuliza kesho, na kesho yake nikaliuliza ofisini, na bado wanajadili.

Nilifunga laptopu saa 6 kasoro usiku. Mama mdogo alikuwa macho sebuleni anajifanya anaangalia tivii imezimwa sauti. Kulikuwa na ndizi nyama ameifunika na sahani.

Jibu limekuja Alhamisi iliyopita. Sio ndio, sio hapana, nimewekwa kwenye foleni ya akiba, akijitoa mtu naweza nikaitwa, akikosekana basi. Nimemsomea mama mdogo emaili yote nikimtafsiria mstari kwa mstari akiwa anahesabu hela za sokoni. Akafunga zile noti na raba, akafikiria.

"Sa tunasubiri mpaka lini?"

Nikalisukuma kopo mezani likamfikia. Akanitazama, akafungua pindo la kanga, akatia mia tano.